Profesa wa Makaburi ya Wagiriki

Nitamwita Profesa tu. Jina lake analipenda kupita kiasi, na mimi sina mpango wa kumfurahisha. Alizaliwa lini, baba yake alikuwa nani, alisomeshwa na mapadri gani, hayo wataandika wengine siku ya kilio chake, na chumvi wataitia wenyewe. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka yake miaka kumi na minne nikichora vigae vya vyungu, na ninachokijua kinanitosha.

Kabla sijaanza niseme wazi kinachoniuma, msomaji asije akadhani ni wivu. Mama yangu ana watoto wawili katika udongo wa dembo, yaani lile bonde la majimaji na matete lililo nyuma ya kijiji chetu, kaskazini mwa Lubumbashi, ukishapita Kinsevere. Profesa alitia saini karatasi inayosema kwamba mahali pale ni shimo la takataka. Kwa nguvu ya karatasi hiyo nusu ya dembo ilichimbwa ikawa bwawa la maji machafu ya machimbo, na mwaka huu imetakiwa nusu iliyobaki, ambako ndiko waliko wawili wa mama. Haya, sasa tumtazame mtu mwenyewe.

Profesa alikuwa mtu wa makaburi, ila si ya kwetu. Yake yalikuwa ya Wagiriki wa kale. Kila kiangazi alipanda ndege pale Luano kwenda kuchimba na wenzake katika kisiwa kimoja cha Ugiriki, mahali palipokuwa na mji zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na nje ya mji huo shamba zima la maziko. Alirudi amekonda, magoti yamechubuka, na ana furaha ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumpa. Magoti yale aliwaonyesha wanafunzi. Alikunja suruali mbele ya darasa zima, mtu mzima, akasema: hivi ndivyo mtu anavyomsogelea marehemu, kwa magoti.

Mfukoni mwa shati, mahali ambapo maprofesa wengine huweka kalamu, yeye aliweka brashi ndogo ya kufutia mifupa. Alikwenda nayo kanisani, alikwenda nayo arusini. Makombo ya mkate mezani aliyafagia kwa brashi hiyohiyo iliyotoka kwenye meno ya Mgiriki. Mke wake alilalamika mara moja mbele yetu, na Profesa akamjibu kwamba Mgiriki yule alikuwa msafi kuliko jiko lake. Sisi tulicheka. Mimi pia nilicheka, sitakataa.

Somo lake lililojulikana zaidi lilikuwa la watoto. Alizima taa, akaweka picha ukutani: mtungi mkubwa wa udongo umelala ubavu, na ndani yake mifupa midogo kama ya kuku. Sauti yake ilishuka. Alieleza kwamba Wagiriki wa mahali pale waliwazika watoto wachanga ndani ya mitungi ya mafuta na divai. Walitoboa ubavu wa mtungi, wakamwingiza mtoto, wakaziba tundu kwa kigae. Wengine waliwekewa kikombe chenye mdomo mwembamba cha kunyonyea. Halafu aliwaamuru wanafunzi wote wasimame, wavue kofia, wanyamaze dakika nzima kwa ajili ya mtoto huyo. Nimesimama dakika hiyo mara kumi na nne, nikiwa kando ya mashine ya picha. Mwaka mmoja msichana mmoja alitoka nje akilia, kwa sababu alikuwa amempoteza mwanawe mwezi uliotangulia na wote tulijua. Profesa aliandika kwenye orodha yake kwamba ametoka bila ruhusa.

Na hao waliokufa jana, je? Siku moja tulikuwa ndani ya gari lake tukipita mtaa wa Katuba, tukakuta njia imezibwa kwa kilio. Unajua kunavyokuwa: turubai katikati ya barabara, viti vya plastiki, wamama wamekaa chini kwenye mikeka. Mtu mwenye adabu hurudi nyuma akatafuta njia nyingine. Profesa alipiga honi. Alipiga tena. Mzee mmoja akaja dirishani kwa upole, akasema, "Tata, tuko na maiti hapa." Profesa akamwonyesha saa yake. Alikuwa anachelewa kwenda kufundisha adabu ya Wagiriki kwa wafu wao. Nilitazama miguu yangu mpaka tulipofika mjini.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi, ameiandika kwa wino mwekundu juu ya mlango: udongo kwanza, watu baadaye. Maana yake ni kwamba mchimbaji asome tabaka za udongo kabla ya kusikiliza porojo za wanakijiji, na katika kazi ya kuchimba si kanuni mbaya. Tatizo ni kwamba aliishi nayo hata nyumbani. Kulikuwa na baba mmoja aliyemchekechea udongo miaka tisa, mtu makini ambaye hakupoteza hata shanga moja ndogo kama mbegu ya mchicha. Profesa alimwita Chujio. "Chujio, kuya hapa. Chujio, nawa mikono." Baba yule alipostaafu tukamfanyia karamu ndogo, na Profesa akasimama kutoa hotuba, akaanza, "Rafiki yetu mpenzi," akanitazama. Jina hakulijua. Nilimwacha ahangaike kidogo kabla ya kumnong'oneza.

Akitoka Ugiriki alituletea zeituni. Moja kwa kila mtu. Alipita na kopo akitutilia kiganjani kama padri anayegawa komunyo, na akasubiri tumeze ndipo atueleze kwamba Wagiriki walikula kitu hichihicho. Mbegu aliziomba tumrudishie.

Mwaka mmoja alileta na chupa ya udongo wa kisiwa chake, amebandika karatasi ya namba, na mtu wa forodha pale Luano akaikamata. Tulikuwa tumekwenda kumpokea, tulisikia yote.

"Prof, hii njo nini?"

"Udongo."

"Udongo ya Bulaya?" Yule kijana wa forodha aliigeuza chupa kwenye mwanga, akawaita wenzake. "Mukuye muone. Hapa bantu banabeba udongo yetu banapeleka Bulaya kila siku. Huyu Prof njo wa kwanza kuturudishia."

Walicheka mpaka wakashika meza. Profesa alinuna wiki nzima, na kila akisimulia kisa hicho alisema nchi hii haina utamaduni. Mimi naona kijana yule aliijua nchi vizuri kuliko yeye.

Nisipotoa haki yake nitakuwa mwongo, na mwongo katika hadithi hii ni mmoja tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchora. Nilikuja kama mpiga chapa, nikawa nachora vikombe vya chai nyuma ya karatasi zilizoharibika, na siku moja akasimama nyuma yangu. Sikutukanwa. Alinipa penseli ngumu, akanipa kitana cha kupimia umbo, akanionyesha namna chungu kinavyochorwa nusu kwa nje na nusu kama kimekatwa kwa kisu, ili asiyekiona akijue unene wake. Shingo ya kwanza niliichora mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja alisema tu, "Voilà," na nilirudi nyumbani naruka. Vilevile mwanafunzi mmoja alipoanguka kwa malaria, Profesa alimbeba mgongoni mwake mwenyewe mpaka kwenye gari, akakaa naye hospitalini siku nzima akimpepea kwa daftari. Mambo hayo niliyaona. Ndiyo maana hasira yangu haipoi, kwa kuwa alijua kufanya vizuri.

Alipenda pia kutusomea habari kutoka simu yake. Kila mara huko Ugiriki, au kusini mwa Italia walikohamia Wagiriki, kulikuwa kumezuka kitu: wanaweka bomba la maji, wanakuta kaburi, wanajenga hoteli, wanakuta karakana ya mfinyanzi, wanachimba njia ya treni ya chini ya ardhi, wanakuta makaburi na mtaa mzima wenye barabara ya marumaru. Hiyo ya treni ilimwondoa akili. Alizunguka ofisi nzima na simu mkononi. "Bamesimamisha treni, munasikia? Treni ya mamilioni ya bantu, sababu ya makaburi. Ile njo inaitwa ustaarabu." Tulimsikia. Mimi nilimsikia vizuri sana, na nilidhani anaamini anachosema.

Basi ikaja kampuni ya shaba. Si ile kubwa unayoifikiria. Ilikuwa ndogo, ilishauza na kuondoka, na jina lake halina faida hapa. Ilitaka bwawa la kumwagia maji machafu, na mahali palipoifaa palikuwa dembo letu. Kabla ya kuchimba ilibidi mtaalamu apite aone kama kuna makaburi au kitu cha kale. Wakamchukua Profesa kwa sababu mbili: ana jina, na kijiji kile ni chake pia. Alitoka hapo mdogo kwenda shule na hakurudi ila kwa mazishi ya wakubwa, lakini chifu bado alimwita mwana wetu. Mimi nilikwenda naye kuchora.

Alichimba mfereji mmoja mzuri, mnyoofu kama alivyotufundisha. Siku ya tatu vyungu vikaanza kutokea. Kimoja, halafu kingine pembeni yake, halafu vingine chini yake, mpaka vikafika tisa, vyote vimefunikwa bakuli juu na vyote vimetobolewa tundu chini. Nilipoona tundu la kwanza niliweka penseli chini. Niliomba maji ya kunywa, nikaenda kukaa mbali kidogo.

Kwetu mtoto akifa kabla ya kuota meno hazikwi na wanaume, na halii mtu. Wamama ndio wanamchukua. Anawekwa ndani ya chungu, anafunikwa bakuli, anapelekwa penye udongo wa baridi karibu na matete, na chungu kinatobolewa chini ili mtoto apate njia ya kurudi kwa mama yake mara nyingine. Hakuna tuta, hakuna msalaba. Baba wa mtoto anaambiwa, imekwisha, na hatakiwi kuuliza wapi. Mwanamke akisema mahali pale mbele ya mwanaume, anawafungia njia wote waliolala hapo. Nimeandika siri hiyo hapa kwa kuwa si siri tena, na mtamwona aliyeitangaza.

Profesa hakujua, na kwa hilo simlaumu. Nani angemwambia? Lakini aliuliza, na sikilizeni alivyouliza. Aliweka viti vya plastiki kivulini, akawakalisha chifu na wazee wanaume sita, akawanunulia bia, akafungua daftari. Wamama walikuwa hatua ishirini kutoka pale wakimenya mihogo. Hakuna aliyewatazama.

"Pale ku dembo?" chifu alisema. "Hapana, Prof. Makaburi yetu iko ngambo ya barabara. Bankambo bote balizikwaka kule. Ku dembo kuko matete na machura tu."

Wazee wote wakaitikia, na walisema kweli kama walivyoijua. Profesa akaandika. Akarudi kwenye mfereji, akatazama vyungu, akaona vimetoboka, akatazama ndani asikute mfupa, akaamua: vyombo vilivyoharibika, vimetupwa na watu wa nyumbani. Shimo la takataka. Mtu aliyetusimamisha dakika nzima kwa sababu ya mtungi uliotobolewa ubavu alikuwa amepiga magoti mbele ya vyungu tisa vilivyotobolewa chini, na havikumkumbusha kitu.

Nilivichora vyote tisa. Nikapima kina cha kila kimoja, nikaandika namba. Kinywa changu kilifungwa, maana mimi ni mwanamke wa kijiji kile. Jumamosi nilikwenda kwa mama, nikamwambia bila kuzunguka. Alivaa kandambili, akaenda kuwaita wenzake. Sijui walisema nini nyumba ya jirani, ila aliporudi alisema, "Wende umwambie. Afazali njia ifungwe na kinywa, kuliko ifungwe na bulldozer."

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya meza yake.

"Prof, ile bintu haiko takataka. Ile iko batoto."

Nilimweleza yote, la tundu, la meno, la wamama. Alivua miwani. Alinisikiliza vizuri kuliko alivyowahi kunisikiliza, akaniuliza bakuli lilitazama wapi, akauliza kama mama wa mtoto alikuwepo au alibaki nyumbani, na yote aliyaandika. Nilifikiri, Mungu wangu, tumepona. Alipomaliza alifunika kalamu, akaniita binti yake kwa Kifaransa.

"Ma fille, ni mambo ya maana sana hii. Lakini rapport ilishaenda, nilishatia saini. Siwezi kurudi nyuma juu ya maneno ya bamama. Uniletee mufupa moja. Hata kadogo."

"Prof, udongo ya kwetu inakulaka mifupa. Ya mutoto haibaki hata miaka kumi. Weye njo ulitufundisha."

"Njo vile," akasema. "Kwa hiyo hatuna kitu."

Na akaniomba nifunge mlango, kulikuwa na upepo. Wiki tatu baadaye matingatinga yaliingia. Wamama walitazama kutoka kwenye mihogo yao. Hawakulia, kwa sababu hao hawaliliwi, na sijawahi kuona uso wa mama yangu ukiwa vile.

Ningemwita mwoga tu kama yangeishia hapo. Lakini mwaka uliofuata alirudi kutoka Ugiriki, akaacha mezani jarida la mkutano wao, kwa makusudi nadhani, ili tumpongeze. Nikalifungua. Makala yake ilikuwa ya watoto waliozikwa ndani ya vyombo, huko kisiwani na huku Haut-Katanga. Tundu lilikuwamo, meno yalikuwamo, wamama na matete walikuwamo. Aliandika kwa uchungu mzuri, angekutoa machozi. Na katikati ya ukurasa palikuwa na chungu nilichokichora mimi, mchoro uleule, mistari yangu mwenyewe. Katika ripoti ya kampuni chini yake aliandika: taka za nyumbani. Katika jarida aliandika: kaburi la mtoto mchanga. Mimi niliitwa mtoa habari, mwanamke, wa eneo hilo.

Kwa hiyo alijua. Lubumbashi ilikuwa takataka, ng'ambo ya bahari ilikuwa kaburi, na saini ni moja. Siku hiyo nilikusanya penseli zangu zote, na hata ile ngumu ya kwanza aliyonipa nikaibeba, nikatoka. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Miaka ilipita. Kampuni iliuzwa, na mwenye mali mpya akataka kupanua bwawa. Wamama walipokwenda kulalamika, safari hii kwa kinywa wazi mbele ya wanaume, ofisini waliwafungulia faili na kuwaonyesha ripoti. Mtaalamu mwenyewe ni mwana wenu, wakaambiwa. Labda yeye aandike kwamba alikosea. Na muda ulikuwa mfupi, vigingi vilikuwa vimeshapigwa kwenye matete. Nikaandika barua ya mistari sita, nikaacha nafasi ya saini. Mama akasema, "Unipeleke. Mi mwenyewe ntasema naye." Ana miaka zaidi ya themanini na magoti yake hayamsaidii tena.

Profesa anakaa barabara ya Kasapa, nyumba yenye ngazi na baraza. Tulimkuta amekaa sebuleni, mkewe yuko sokoni. Macho yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kusoma hawezi kabisa. Brashi bado iko mfukoni. Alinitambua kwa sauti, akafurahi kweli, akasema nyumba ni yetu. Nilimsomea barua. Alisikiliza mpaka mwisho, na tabasamu likapungua taratibu.

"Ma fille, tuandike kuko vitu vipya vinajulikana. Neno ya nilikosea, hapana. Muntu wa macho ya kufa, banaanza kutafuta makosa mu kazi yake yote. Unaelewa."

Nilielewa sana. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia nilichokiweka miaka yote hiyo, na naapa yangekuwa matusi, lakini mama alinigusa paja. Yeye hakuwa anamtazama Profesa. Alikuwa anatazama pembeni mwa mlango. Pale palisimama chungu kimoja kati ya vile tisa, kizima, kizuri, na ndani yake fimbo na miavuli miwili.

"Mwana," mama akasema, "mama yako alikuwa rafiki yangu. Ye njo alinipokea mu ule mugini, mi muke mupya, sijue muntu. Weye ulikuwa hauyazaliwa. Alizika babili pale ku dembo. Mi nilimubebea maji."

Profesa aligeuza uso kuelekea sauti.

"Babili?"

"Mwanaume, kisha mwanamuke. Bale ba mama yako njo balifungula ile fasi, bengine bote balikuya nyuma yabo. Banakuitaka wa kwanza, mwana. Weye uko wa tatu."

Profesa alitafuta mezani kwa kiganja kama anayefuta vumbi, na nilipoelewa anatafuta kalamu nikampa. Nikaweka kidole chake mahali pa kusaini. Saini ilipanda juu ikakata mstari wa neno nilikosea, lakini inasomeka. Nikaikunja barua nikaitia kifuani.

Mama alikuwa ameshasimama. Alitoa mwavuli mmoja, akatoa wa pili, akatoa fimbo, akavilaza kitini bila haraka. Akafungua kikwembe, kile kitenge chake cha juu, akainama. Nikaenda kumsaidia. Tulikipandisha chungu mgongoni pake, akakifunga kifuani kwa mafundo mawili, akajitikisa kidogo kuona kama kimekaa.

"Anafanya nini?" Profesa akauliza.

"Anabeba nyungu, Prof."

Alisimama, mkono mmoja umeshika kiti.

"Ile... Ma fille, weye njo ulichora. Ile ilitoka chini ya shimo, ao juu?"

Viwili tu ndivyo vilitoka chini kabisa, ndivyo vya kwanza. Kimoja kilipasuka ndani ya sanduku siku ileile vyungu viliposafirishwa mjini. Cha pili kilikuwa kizuri kuliko vyote tisa, shingo imebonyezwa kwa kidole gumba pande zote, na Profesa alikichagua akakipeleka nyumbani, ndicho hiki alichokibeba mama. Nilipima kina chake kwa mkono wangu. Alikuwa anasubiri, uso ameuelekeza mahali nilipokuwa dakika moja kabla.

Nikamwambia sijui, Prof, nilishasahau. Halafu nikamshika mama mkono, kwa sababu ngazi za baraza ni kali na alikuwa amebeba.